Gitaa Lenye Alama ya Sigara

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, akanipa shikamoo huku macho yakiwa kwenye simu, kisha akauliza: "Anko, gitaa la kuabudia ni lipi?"

Nikamwambia sijawahi kuona gitaa lililobatizwa. Hakucheka. Akanionyesha picha ya Telecaster rangi ya maziwa na pedali sita zilizopangwa kama vyombo vya chai. Kiongozi wa timu yao ya kusifu na kuabudu kasema hilo ndilo lenye sauti ya ibada. Kijana ana miaka 22 na anapiga vizuri kuliko nilivyopiga mimi nikiwa na umri wake. Asichojua ni kwamba kwenye stoo ya kanisa lilelile, nyuma ya viti vibovu, kuna gitaa tulilolipigania karibu mwaka mzima.

Lilinunuliwa 1984. Mke wangu anasema 1985. Tumekubaliana kwamba Mwalimu alikuwa hajang'atuka, inatosha.

Ilikuwa kwaya ya vijana, Morogoro, yenye magitaa mawili makavu. Wazee wa kanisa walilikataa la umeme kwa hoja moja tu: hicho ni chombo cha dansi. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa dansi, alikuwa amefariki tangu Januari 1979, lakini mjini kwetu kila kijana aliyeshika gitaa alikuwa bado anamtafuta kwa vidole, na wazee walikuwa na masikio. Kuhusu asili ya sauti ile walikuwa sahihi kabisa. Walikosea mengine yote.

Walipokubali hatimaye, fedha ilitoka kwenye mnada wa mavuno. Namkumbuka jogoo mmoja aliyenunuliwa mara tatu asubuhi moja, kila aliyemnunua akimrudisha madhabahuni anadiwe tena. Jogoo yule ndiye aliyenunua gitaa, sisi tulilibeba tu.

Nikatumwa Dar es Salaam kwa fundi. Kibanda chake kilikuwa Kariakoo, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi. Hakikuwa na bango. Ulikijua kwa harufu: lehemu ya moto, vumbi linaloungua juu ya valvu za amplifaya, na kahawa chungu kwenye birika lililokaa juu ya redio mbovu. Nikipita leo mahali wanapochomelea, harufu ile hunirudisha pale kabla sijajua narudi wapi. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa Pangani, Mwislamu asiyekosa swala, na hakuna aliyewahi kunishauri vizuri zaidi yake kuhusu vyombo vya kanisa.

Alikuwa na magitaa mawili, yote yametoka kwenye bendi zilizovunjika. Kabla hajaniruhusu kugusa, akauliza: "Kanisa lenu lina dari?"

Halina, mabati matupu.

"Kinamama wa sauti ya kwanza wangapi?"

Kumi na mmoja.

"Taa?"

Za tyubu.

"Umeme wenu una ethi?"

Sikujua ethi ni kitu gani. Akaguna.

Akachomeka la kwanza, jembamba, jekundu. Sauti kali kama kisu kipya. Kisha akawasha taa ya tyubu juu ya meza, gitaa likaanza kunguruma lenyewe bila mtu kuligusa. Akanieleza kwamba chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu, na waya ule hausikii nyuzi tu, unasikia na umeme wa nyumba nzima. Akachomeka la pili, zito, la kahawia. Hili lilikuwa na koili mbili zilizopishana: mngurumo unaoingia huku unafutwa na unaoingia kule, nyuzi zinabaki. Kimya. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ubunifu huo ni wa kampuni ya Gibson, mwaka 1955. Siku ile nilidhani ni kiinimacho.

Mimi nililitaka jekundu. Kijana gani angetaka la kahawia? "Lichukue," fundi akasema. "Mabati yatawarudishia sauti hiyo mpaka mchungaji akimbie." Nikachukua la kahawia.

Kichwani pa gitaa hilo palikuwa na alama nyeusi ya kuungua, ukubwa wa punje ya mahindi. Wapiga dansi walikuwa wakichomeka sigara pale kwenye ncha za nyuzi ili mikono ibaki huru. Fundi aliifunika kwa rangi ya kucha, ikadumu miezi mitatu. Mzee mmoja akaiona, akaisugua kwa kidole gumba, akaniuliza ni nini. Nikasema mshumaa. Mungu anisamehe, ingawa umeme ulikuwa unakatika kweli.

Ethi nayo, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, niliielewa Jumapili ya pili. Nimeshika nyuzi, nasogeza mdomo kwenye maiki niitikie, shoti ikanipiga midomoni. Nilitoa sauti ambayo haimo kwenye Tenzi za Rohoni. Wapo waliodhani nimejazwa Roho.

Miaka ya tisini ikaleta vinanda vyenye ngoma ndani yake, mpiga ngoma akakosa kazi, halafu wa besi. Kwaya ikasogezwa pembeni. Kibanda cha fundi sasa ni ghorofa, chini wanauza vioo vya simu. Na kuna Jumapili vijana wanasimama mbele, wanawekewa CD, wanachezesha midomo, tunaambiwa hiyo ni huduma. Mimi hutoka nje nikapunge upepo.

Telecaster nalijua. Leo Fender alianza kuliuza California mwaka 1950, kwa jina jingine, kwa watu waliopiga kwenye kumbi za dansi za huko. Ule mwangwi wa pedali wanaouita wa kiroho unadaiwa sana na mpiga gitaa wa U2, bendi ya rock ya Ireland. Wazee wetu wangefurahi kusikia.

Lakini lazima nikiri: kanisa sasa lina dari ya jipsamu, taa zimebadilishwa, na kinamama wa sauti ya kwanza wamebaki wanne. Fundi angeuliza maswali yaleyale na huenda angempa kijana jembamba, lile kali.

Mpwa wangu anataka nimchangie laki tatu. Nimemwambia nitatoa, ila kwanza apeleke fundi umeme pale jukwaani, akaniangalizie ethi.