Kupanda Ngomo kwa miguu

Wengi wenu mmepita Ngomo ndani ya motokari, mkishika viti kwa mikono miwili na kufumba macho penye kila kona. Aliyepita hivyo hajaiona Ngomo. Mlima ule huonwa na mtu aendaye kwa miguu.

Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, mwanafunzi mwenye miaka kumi na sita. Tuliondoka Kamanyola gizani, maana jua la uwanda wa Ruzizi halimhurumii mtu. Kulipokucha tulikwisha shika kijia cha mkato, chembamba, chenye changarawe, kinachokwenda wima kama ngazi. Kijana alitangulia mbio, akanicheka. Saa mbili haijapiga, naye amekwisha maliza maji yake yote.

Kila tulipopumzika, tulitazama chini. Huko mto Ruzizi ulizunguka-zunguka kama nyoka aotaye jua. Ng'ambo yake twaona mashamba ya mpunga ya Bugarama, nchi ya Rwanda. Na kusini zaidi, vilima vya Burundi. Nchi tatu kwa jicho moja! Mto huo hutoka Ziwa Kivu, metre 1,460 juu ya bahari, ukaingia Tanganyika, lililo karibu metre 770. Nguvu yake nyingi huitumia katika magenge ya juu, ukishuka kwa kishindo. Ndiyo maana watu wamejenga huko mitambo ya umeme. Zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likajaa, likapasua mlango wa kusini. Huo ndio Ruzizi.

Kijana alitaka kuuona mto vizuri zaidi. Akaacha kijia, akakanyaga majani ya ukingoni. Udongo ukamomonyoka. Nilimdaka shati, nami nikaanza kuteleza pamoja naye. Mara fimbo ikanyoshwa mbele yetu: «Shikeni!» Alikuwa mama mmoja, mzigo wa muhogo mgongoni, ukanda wake kwenye kipaji cha uso. Alijikita mguu nyuma ya jiwe, tukapanda mmoja mmoja.

Hatukuwa na neno. Yeye akatupa maji ya kibuyu chake, akasema: «Mwanangu, mlima haukimbizwi. Weka mguu mmoja, ukikaa imara, ndipo uweke wa pili.»

«Asante, Mama,» akajibu kijana, macho chini. Kisha akaomba abebe mzigo. Mama alicheka, akamgawia nusu tu. Kwa nusu ile alitokwa jasho hadi kileleni, wala hakutangulia tena.

Juu, upepo ulikuwa baridi. Migomba na maharage vikachukua mahali pa joto la uwandani. Sisi tulijilaza chini ya mikaratusi. Mama alifunga tena mzigo wake mzima, akatuaga, akaendelea kuelekea soko la Nyangezi.

Kijana alimtazama mpaka akapotea penye kona. «Mjomba,» akasema, «sisi tumepanda mara moja, tutasimulia mwaka mzima. Yeye hupanda kila juma.»

Ninyi mlio shuleni, mkila muhogo jioni, kumbukeni mgongo ulioupandisha.