Matakia ya Mashua Yetu



Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba safari hii niandike habari za mashua, kwani kila tunapokutana hakosekani mtu wa kuuliza, "Ile mashua bado mnayo?" Jawabu ni kwamba bado tunayo, na sababu kubwa ya kuwa nayo mpaka leo ni matakia. Najua wapo watakaocheka. Nawaomba wasome kwanza, kisha wacheke.

Kwa wale wasioijua, mashua hiyo ni ya aina ya Flying Scot, urefu wake futi 19. Aina hiyo ilibuniwa na Gordon K. Douglass mwaka 1957, na kwa miaka mingi ikiundwa hapa hapa Maryland, katika mji mdogo wa Deer Park. Ni chombo cha faibaglasi, kina mlingoti mmoja, matanga mawili, na ubao wa katikati unaoinuliwa panapokuwa na kina kidogo. Tuliinunua ikiwa kuukuu, nyumba tatu kwa shirika. Tunaiweka Daingerfield, upande wa Alexandria, kusini kidogo ya uwanja wa ndege wa National. Ukiwa pale unauona mnara wa Washington kwa juu ya mto, na ndege zinapita kichwani mpaka mazungumzo hukatika.

Sote tuliozaliwa pwani tunajua kwamba kwenye jahazi hakuna mtu anayeulizia kiti. Unakaa juu ya gunia, juu ya kamba iliyoviringwa au juu ya mkeka, na ukichoka unalala. Ubao wa jahazi nao una huruma, kwani hauchomi sana wala haugandishi. Faibaglasi haina huruma hiyo. Mwezi wa Julai inawaka, mwezi wa Oktoba ni barafu, na siku zote ni ngumu kama sakafu. Kijana hustahamili kwa saa tatu. Mtu mzima ikifika saa moja anaanza kutazama gati.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mama yangu, ambaye watoto wote wa nyumba zetu tatu wanamwita Bibi, ni mtoto wa nahodha. Baba yake alikuwa akichukua karafuu kutoka Wete kwenda Unguja. Tangu tuliponunua mashua, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa watoto humo ndani. Nyumbani watoto hawa husema naye Kiswahili cha "shikamoo Bibi" na "nimeshiba Bibi", kisha hurudi kwenye Kiingereza chao. Lakini mashuani hakuna televisheni wala chumba cha kukimbilia. Humo ndimo walimojifunza omo na tezi, demani na joshi, maji kujaa na maji kupwa, bamvua na maji mafu. Humo ndimo waliposikia habari za babu yao mkuu.

Mwaka 2022 Mama alifanyiwa operesheni ya nyonga. Alipona vizuri, alhamdulillahi, lakini kiangazi cha 2023 alipokaa mara moja tu kwenye benchi lile, aliposhuka alisema, "Mwanangu, hilo benchi lenu ni jiwe. Mimi nitawasubiri nyumbani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango polepole. Na yeye alipoacha kwenda, watoto nao wakaanza kupata udhuru: huyu ana mpira, huyu ana rafiki. Mwaka ule mashua ilitoka mara nne tu. Mwezi wa Novemba mpwa wangu, ambaye ndiye mwenye kushika hesabu, akatoa shauri iuzwe. Sikumlaumu, maana ada ya maegesho hailipwi kwa kumbukumbu. Niliomba nipewe mpaka majira ya kuchipua nitafute dawa ya lile benchi. Akacheka, akaniambia, "Mchagua jembe si mkulima, Ami." Nikamjibu kwamba methali hiyo haikumkusudia mkulima mwenye nyonga ya chuma.

Matakia tuliyoyarithi pamoja na mashua yalikuwa ya rekzini, na ndani yake sponji ya kawaida kama ya kochi. Sponji hiyo ina vitundu vilivyofunguka. Ni laini, lakini inakunywa maji, na rekzini inayafungia ndani. Ukikaa, maji yanatoka kwenye mishono na kukulowesha, na ukiinuka yanarudi. Jua likiwa kali rekzini inanata mwilini. Maji ya Potomac hapa kwetu ni matamu, ingawa yanajaa na kupwa kiasi cha futi 3, kwa hiyo hatuna adha ya chumvi. Wenzetu wa Annapolis wanaijua adha hiyo, kwani chumvi ikishaingia kwenye kitambaa huvuta unyevu wa hewa na takia halikauki tena mpaka lisuuzwe kwa maji matamu. Adui wetu sisi ni kuvu. Joto la Washington na unyevu wake vinatosha kuotesha kuvu juu ya kiatu, sembuse juu ya sponji.

Mama aliposhauriwa alisema mara moja: usufi. Kwao Pemba kila mto na kila godoro lilikuwa la usufi, na nje kitambaa cha marekani, kile kile cha pamba ambacho meli za Salem zilikuwa zikikileta Unguja tangu enzi za Sayyid Said. Shauri lake halikuwa la upuuzi hata kidogo. Uzi wa usufi una nta ya asili juu yake na hewa ndani yake, hauingii maji kwa wepesi, na unaweza kubeba juu ya maji mzigo wa mara 30 ya uzito wake. Ndiyo maana majaketi ya kuokolea ya mabaharia wa zamani, hata ya vita vikuu vya pili, yalijazwa usufi. Lakini usufi una kasoro zake. Ukikaliwa sana hujikunja ukawa madonge, hewa ikatoka na kuelea kukapungua. Tena hushika moto upesi. Nilimweleza Mama, naye akakubali, ila kwa sharti kwamba mto mmoja wa mgongoni uwe wa usufi. Sharti hilo tulilitimiza.

Tukachagua sponji ya aina ya pili, ile ambayo kila kitundu chake kimezibwa peke yake. Hii hainywi maji na inaelea. Ubaya wake ni ugumu. Ukichukua unene wa inchi 2, mtu mzima hakai chini akagusa benchi, lakini pia hakai kwa raha kamili. Kwa hiyo juu yake tuliweka inchi 1 ya sponji laini ya matundu makubwa, ile inayopitisha maji kama chujio na kukauka upesi. Ngumu chini, laini juu: huo ndio msingi wa kazi yote.

Kwa Mama hilo peke yake halikutosha. Daktari alimwambia asikae kwenye kiti cha chini, magoti yakawa juu kuliko nyonga. Hapo pana mtego. Ukiongeza unene, nyonga inapanda, lakini miguu ya mtu mfupi inaning'inia, na mtu ambaye miguu yake haikukanyaga hana pa kujizuia chombo kinapolala upande. Tena kichwa kinaukaribia ule mti wa chini ya tanga, ambao ukivuka hauombi radhi. Dawa yake ni kulikata takia kwa mteremko: nyuma inchi 5, mbele inchi 3, na chini ya miguu kuweka kibao cha kukanyagia. Kabla ya kukata kitu tulimkalisha mjukuu mwenye kimo sawa na cha Bibi juu ya vitabu vya simu vya zamani, tukaupitisha ule mti polepole kutoka upande hadi upande. Ulipita na nafasi ya shibiri moja. Ndipo tukakata.

Sponji hukatika vizuri kwa kisu cha umeme cha kukatia nyama. Kipimo hakichukuliwi kwa futi peke yake, kwani benchi la mashua halina pembe moja iliyonyooka. Tulitandika karatasi ngumu juu ya benchi tukaifuata kwa kalamu. Sponji ikatwe kubwa kuliko foronya yake kwa nusu inchi, ili ijaze na kitambaa kisikunjane. Tena tusiwe na takia moja refu la benchi zima. Tulikata vipande vitatu kila upande, kwa sababu kipande kifupi hubebwa na mtoto na hukauka upesi. Kikiharibika, unashona kimoja.

Kitambaa tulichukua cha akriliki, Sunbrella, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 1961 kwa ajili ya vivuli vya madirishani. Rangi yake imo ndani ya uzi wenyewe, haikupakwa juu, basi jua haliifutii. Tulichagua rangi ya mchanga. Buluu ya giza inapendeza dukani, lakini mchana wa Agosti ni kikaango. Upande wa chini mke wangu alishona wavu badala ya kitambaa, ili maji yatoke na hewa iingie. Uzi ni wa polyesta ya nje, maana wa pamba huoza na wa nailoni huliwa na jua. Zipu ni ya meno ya plastiki. Yote hayo, pamoja na sponji, yalitugharimu dola 310 na wikendi tatu za cherehani.

Likabaki suala la kuteleza. Wengi hupigilia vifungo vya chuma kwenye benchi. Mimi sikutaka kutoboa, kwa sababu faibaglasi ya mashua hii ina kiini cha mti wa balsa, na tundu lisilozibwa vyema huingiza maji yakaozesha kiini kimya kimya. Tuliweka chini ya kila takia ule wavu wa mpira unaowekwa chini ya mazulia, na tukayaunganisha vipande kwa mikanda midogo. Tumelala upande kwa upepo wa Oktoba na hakuna kilichohama.

Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, khasa wenye watoto. Takia la kukalia, hata likielea, si chombo cha kuokolea maisha. Sheria inataka kila mashua ya futi 16 au zaidi iwe na kifaa cha kurushiwa mtu aliyeanguka, kiwe karibu na mkono na chenye alama ya kukubaliwa na Coast Guard. Takia la mraba lenye vishikio viwili linakubalika likiwa na alama hiyo. Letu limewekwa shetri, rangi yake nyekundu, na ni marufuku kulikalia, kwani sponji inayokaliwa hupoteza nguvu. Anayelishika alikumbatie kifuani, asilivae mgongoni, maana mgongoni humwinamisha uso majini. Na watoto walio chini ya miaka 13 wanavaa majaketi yao muda wote chombo kinapokwenda. Hilo halina mjadala hata kwa mtoto wa mgeni.

Utunzaji ni mwepesi. Tukirudi gatini matakia husimamishwa kwa ubavu yakapepewa. Kila mwezi huoshwa kwa sabuni laini na brashi. Mwezi wa Novemba hurudi nyumbani na kuwekwa mahali penye hewa, bila kufungwa katika mifuko ya plastiki, kwani mfuko ndio shamba la kuvu.

Jumamosi moja ya Mei 2024 Mama alishuka gatini. Wajukuu wawili walimshika, mmoja kila mkono. Alilibonyeza takia kwa ngumi kama anayechagua tikiti sokoni, akakaa, akaweka miguu kwenye kibao, na mto wake wa usufi mgongoni. Hakusifu wala hakulaumu. Tulikwenda mpaka karibu na daraja la Woodrow Wilson tukarudi, saa mbili na nusu. Njiani upepo ukatuacha, kama kawaida ya Potomac, na badala ya kulalamika akaanza kuwaeleza watoto namna kusi na kaskazi zinavyoweka ahadi na kuitimiza, na namna baba yake alivyokuwa akingoja. Mpwa wangu wa hesabu alikuwa ameshika usukani. Alisahau kuangalia saa.

Mwaka huo mashua ilitoka mara 17. Shauri la kuuza halikuletwa tena.

Wazee wetu walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Sisi huku tumekwenda tezi na omo kwelikweli, na ngama yetu ni wazee wetu. Katika kila nyumba yetu yupo mzee aliyeacha kwenda mahali kwa sababu ya ngazi moja, kiti kimoja au mlango mzito, naye hasemi, anasubiri nyumbani. Ulizeni ni kitu gani. Huenda dawa yake ikawa inchi 2 za sponji.

Karatasi za vipimo ninazo. Anayezitaka aje Silver Spring achukue, na chai ipo.