Maji Yaliyotangulia

Watu wengi hudhani kuwa safari ya miguu ni jambo la vijana wenye nguvu na milima mirefu. Mimi nilidhani vivyo hivyo mpaka nilipokuwa mtu mzima, mwalimu, tena baba wa watoto wawili. Katika vitabu vya jiografia wanangu walikuwa wamesoma habari za Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, na za Ngazija, kisiwa cha Komoro ambacho mlima wake wa moto, Karthala, hupita mita 2,300. Likizo ya Agosti mwaka 2019 ilipofika, mwanangu mkubwa, mvulana wa miaka 12, aliniomba nimpeleke mlimani. Mshahara wa mwalimu una mipaka yake. Mke wangu alibaki kazini, nami nikawachukua watoto Mkwiro, kwa mama yangu.

Mkwiro ni kijiji kilicho upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, katika pwani ya kusini ya Kenya. Mtu hukifikia kwa mashua kutoka Shimoni, iliyo bara. Upande wa pili wa kisiwa, magharibi, kipo kijiji cha Wasini chenyewe. Baina ya vijiji hivi viwili hakuna barabara ya magari. Ipo njia ya miguu ipitayo vichakani juu ya mawe. Kisiwa hakina mlima hata mmoja, lakini asidanganyike mtu kwa hayo. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye meno, mashimo na kingo kali kama kisu. Mlimani mtu huchoshwa na mwinuko. Wasini huchoshwa na kila hatua, kwa maana kila hatua yataka jicho lake.

Usiku wa kuamkia safari, mama yangu alituita barazani akatupa masharti manne. Kwanza, kila mtu avae viatu vya kufunika vidole, wala si kandambili. Pili, tuondoke mara baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Tatu, tuchukue maji ya kutosha, kwa kuwa njiani hakuna mto wala kijito. Mvua inyeshapo juu ya mwamba ule huzama mara moja katika matundu yake, na ndiyo sababu wenyeji, kwa vizazi vingi, wamekinga maji ya mvua katika mabirika.

"La nne, mwanangu," akasema, akimwekea mkono kichwani binti yangu wa miaka 7, "tutakwenda kwa mwendo wa huyu."

"Haya, mama," nikajibu. Lakini moyoni nilikuwa na hesabu nyingine. Mtu mzima huweza kuimaliza njia ile kwa muda wa saa moja na kitu, nami nilikuwa nimemwahidi nahodha mmoja kwamba saa mbili na nusu tutakuwa pwani ya Wasini, aturudishe kwa mashua.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, watu wanne. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kutoka mkono wa kushoto, na jua lilikuwa bado chini nyuma yetu. Ili nisimlemee mama yangu, nilitia maji yote katika mkoba mmoja nikaubeba begani. Nilijiona mwana mwema.

Hatukwenda mbali binti yangu akainama. "Baba, tazama! Jiwe hili lina nyota!"

"Ni matumbawe. Twende."

Baada ya hatua chache akainama tena, akaita tena. Nikamjibu vilevile. Mara ya tatu sikugeuka. Mvulana wangu alikuwa mwepesi wa miguu, nami nilifurahi kupata mwenzangu. Tukashindana kurukaruka juu ya mawe, tukipita mibuyu na vichaka vya miiba, na kila nilipotazama saa yangu nilikuta tumeokoa dakika kadha. Tulipofika mahali palipo wazi nikageuka kuwapungia mkono walio nyuma. Hapakuwa na mtu.

Niliita, upepo ukaichukua sauti yangu. Tulingoja. Mwanangu akanitazama, wala hakusema neno. Ndipo nilipoanza kurudi, kwanza kwa hatua za kawaida, kisha mbio, nikijikwaa juu ya mawe yale yale niliyokuwa nikijisifu kwa kuyaruka.

Niliwakuta chini ya mbuyu. Mama yangu alikuwa ameketi, mguu wa mtoto u juu ya mapaja yake. Binti yangu alikuwa ameanguka, na jiwe lilikuwa limempasua goti. Mama alikuwa amekwisha kuchana pindo la leso yake kuwa kitambaa, lakini hakufunga, kwa sababu jeraha la jiwe lile hubaki na chembe ndani, na kulifunga kabla ya kuliosha ni kufungia madhara. Basi alikuwa ameushika mguu ule, anangoja.

"Tulikuita, mwanangu," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Maji unayo wewe."

Mtoto naye aliniuliza kwa upole, "Baba, mmekwisha fika?"

Nimepata kukaripiwa na wakubwa wangu mara nyingi, lakini sijapata kusikia karipio zito kama swali lile. Niliosha goti, mama akalifunga, nikakaa chini nisiweze kuinuka. Kilichonikalisha hakikuwa uchovu. Nilikuwa nimemkumbuka mtoto mwingine.

Mwaka ule nilikuwa nikifundisha darasa la tano katika shule moja ya bara. Chuoni, nilipojifunza ualimu, tulihimizwa sana kumaliza mafunzo ya kila muhula kwa wakati wake, na mimi sikupata kuchelewa. Katika darasa langu alikuwamo mvulana mzito wa kusoma. Akiinua mkono kuuliza neno, wenzake walikuwa wamekwisha kugeuza ukurasa, nami pamoja nao. Mwezi wa Julai aliacha kuja. Niliandika katika daftari la mahudhurio kwamba ni mtoro, nikaendelea na somo. Chini ya mbuyu ule nilitambua kwamba huenda naye aliniita, na maji nilikuwa nayo mimi.

Tulipoinuka nilimweka binti yangu mbele, akichechemea kidogo, nasi tukamfuata. Maji tuliyagawa katika chupa, kila mtu akachukua yake. Alipoinama kwenye jiwe jingine lenye nyota, niliinama naye. Nilimweleza kwamba kila nyota ilikuwa nyumba ya kiumbe mdogo, laini, aliyetoa chokaa katika maji ya bahari akajijengea kikombe cha kukaa. Akifa, wengine hujenga juu yake. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa, na pale tulipokuwa tumesimama palikuwa chini ya maji. Bahari iliposhuka, mwamba ulibaki nchi kavu.

"Kumbe Ngazija ilijengwa na moto, na hapa pamejengwa na vidudu," akasema kaka yake.

"Na kimoja kilijenga kiasi gani?" akauliza mdogo.

Nikamwonyesha ncha ya kidole changu.

Tulifika Wasini baada ya kadiri ya saa tatu. Nahodha alikuwa amekwisha kwenda zake, na alikuwa na haki. Hatukujuta. Nyuma ya kijiji ipo bustani ya matumbawe ya kale, yaliyosimama kama sanamu kati ya mikoko, nayo maji ya bamvua huingia na kutoka. Kikundi cha wanawake wa kijiji kimejenga daraja la mbao la kupitia juu yake, na watazamaji hulipa kiingilio. Binti yangu aliyapita yote akitafuta nyota. Adhuhuri tulipata mashua nyingine.

Shule zilipofunguliwa, nilikwenda nyumbani kwa yule mvulana. Mama yake alinikaribisha kwa heshima ambayo sikuistahili. Mtoto mwenyewe alitazama chini. Nilimwambia kwamba kosa lilikuwa langu, nikamwomba arudi. Alirudi baada ya siku tatu, nikamweka mbele. Hakupata kuwa wa kwanza darasani, wala sikumaliza mafunzo ya muhula ule kwa wakati. Lakini siku moja mwezi wa Oktoba alisoma ukurasa mzima kwa sauti, na darasa lote likamngoja mpaka nukta ya mwisho.

Msomaji kijana, kama una ndugu na wazazi, huhitaji nauli ya kwenda mlimani. Tafuta njia iliyo karibu nawe. Ondokeni asubuhi, vaeni viatu imara, na aliye mdogo kuliko wote atangulie. Na maji msimbebeshe mtu mmoja.