Kuijulia Hali Seva

Mwaka 2007, nilipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam, chombo chetu cha kugundua hitilafu kilikuwa simu ya mezani. Ikilia kabla ya saa mbili asubuhi, tulijua barua pepe hazitoki. Ikilia mfululizo bila kupumua, basi tovuti imelala. Hakuna aliyeona ajabu. Fundi alisubiri kuitwa, na sifa yake ilikuwa kufika haraka.

Chumbani tulikuwa wawili. Mimi kijana niliyetoka masomoni, na mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye mitambo ya simu kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu kusimamia umeme na betri za akiba. Kila Jumatatu nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku mkononi ana kipimo cha maji ya betri na daftari la mistari. Alipima betri moja moja, hata zile zisizo na tatizo lolote, akaandika tarakimu na tarehe. Siku moja nilimwuliza kwa nini anapoteza asubuhi nzima kupima vitu vizima.

"Mwanangu," akasema, "mgonjwa anapelekwa hospitali. Mzima unamjulia hali."

Nilicheka kidogo, kwa heshima, nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Kicheko hicho kilinitoka baadaye. Nilikuwa nimefungua faili la mipangilio ya Apache, seva yetu ya wavuti, ili niongeze tovuti ya idara moja. Nikaandika mistari michache, nikaitwa kwenda kurekebisha printa ghorofa ya pili, nikahifadhi faili na kuondoka bila kufunga kifungu nilichokifungua. Hakuna kilichoharibika. Apache husoma faili lake inapowashwa, au inapoamriwa kulisoma upya. Muda wote mwingine hufanya kazi na yale iliyoyasoma mwanzo. Kosa langu likalala ndani ya faili kwa wiki tatu, tovuti zote zikifunguka vizuri.

Kisha umeme ukakatika usiku, jenereta ikaishiwa mafuta, na seva ikazimika. Asubuhi ilipowaka, Apache ilikataa kuinuka. Ilikuwa siku ya kutoa matokeo ya mitihani. Wanafunzi walijaa kwenye korido, wengine wakiwa na wazazi wao. Mimi nilihangaika na nyaya, nikalaumu umeme, nikawasha seva upya mara nne. Karibu na adhuhuri ndipo nilipoandika amri ya apachectl configtest, na ndani ya sekunde moja ikanitajia jina la faili na namba ya mstari. Amri hiyo ilikuwamo kwenye seva tangu siku niliyoanza kazi. Ningeiandika wiki tatu nyuma, kabla sijapanda ngazi kwenda kwenye printa, siku ile isingekuwepo.

Hapo nilielewa tabia ya makosa ya mipangilio. Kifaa kikiungua, unanusa moshi palepale. Kosa la mipangilio linaweza kutenganisha siku ya kukosea na siku ya kuumia, na katikati ya siku hizo mbili fundi anasahau alichogusa. Chombo cha uchunguzi wa mapema, hata kiwe kidogo namna gani, kazi yake ni kuzileta siku hizo mbili pamoja.

Tukaweka sheria: hakuna kuacha faili bila kulipima. Kwa seva ya majina ya mtandao, tulitumia named-checkconf na named-checkzone. Kwa mlango wa SSH, tulitumia sshd -t, na huo tuliushika kwa hofu ya pekee, kwa sababu seva iliyo mbali ikikataa kukufungulia mlango, lazima upande basi kuifuata. Tulipoanza kutumia nginx, seva nyingine ya wavuti, ikawa nginx -t. Lakini vipimo hivi vinakagua hasa sarufi. Mtu anaweza kutunga sentensi yenye ngeli zote sahihi na bado ikawa ya uongo. Faili la mipangilio nalo ni hivyo. Linaweza kupita kipimo na huku linaelekeza tovuti kwenye folda tupu.

Julai 2009 mkonga wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulifika pwani yetu. Kabla yake chuo kilitegemea setilaiti, na jibu letu kwa kila lalamiko lilikuwa "mtandao uko chini". Mara nyingi lilikuwa kweli. Mkonga ulipokuja, kisingizio hicho kikafa, na yakaonekana mengi yaliyokuwa yetu wenyewe: seva ya kanzidata iliyoruhusiwa wageni wachache mno kwa wakati mmoja, saa za mashine mbili zilizopishana kwa dakika kadhaa, nakala za akiba zilizoandikwa kwenye diski ileile inayolindwa. Sikuwahi kuona aibu ya kazi kama miezi ile.

Ndipo nilipochukua kompyuta kuukuu ya mezani na kuiwekea Nagios, programu ya kufuatilia hali ya seva aliyoianzisha Ethan Galstad mwaka 1999 ikiitwa NetSaint. Niliunganisha simu ya mkononi kwa waya ili itume ujumbe mfupi. Skrini ikawa na mistari ya kijani, njano na nyekundu, na mzee wangu akaja kuitazama, miwani puani. "Daftari langu limepata umeme," akasema. Alifurahi kweli.

Nilikosea tena, safari hii kwa kupenda chombo kupita kiasi. Nilipima kila kitu. Simu ikatetemeka usiku kucha kwa sababu mzigo wa kichakataji ulipanda dakika moja ukashuka. Baada ya wiki mbili nilikuwa nafuta jumbe bila kuzisoma, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na chombo, maana mwenye chombo hulala akiamini analindwa.

Kipimo nilichokihitaji hasa sikuwa nacho. Seva ya barua pepe ilianza kukataa ujumbe ikidai haina nafasi, na Nagios ilionyesha diski imejaa nusu tu, kijani safi. Nilibishana na mashine mpaka jioni. Kumbe nafasi ya diski si baiti pekee. Kila faili huchukua ingizo moja, inode, na katika mifumo ya ext3 na ext4 idadi yake hupangwa siku diski inapoandaliwa. Programu moja ya wavuti ilikuwa imetupa vijifaili vidogo visivyohesabika kwenye folda moja, na maingizo yakaisha kabla ya diski kujaa. Amri ya df -i ilionyesha asilimia mia. Usiku uleule niliongeza kipimo cha inode, na juu yake nikaandika mstari wa maelezo: tarehe, kilichotokea, na jinsi tulivyodanganyika. Mpaka leo sijawahi kuongeza kipimo bila mstari huo.

Vyeti vya usalama vya tovuti vilikuja na somo lao. Zamani tulivinunua kwa mwaka na kuandika tarehe ya mwisho ukutani. Mwishoni mwa 2015 Let's Encrypt ilipofunguliwa kwa umma, ikaanza kutoa vyeti vya bure vya siku 90, ambavyo programu kwenye seva iliweza kuvihuisha bila mkono wa mtu. Nikaandika kipimo kinachosoma tarehe ndani ya faili la cheti. Kijani. Siku moja dada wa ofisi ya usajili akanipigia: "Kaka, kivinjari kinasema tovuti yetu si salama." Cheti kipya kilikuwa kwenye diski, lakini seva ya wavuti haikuambiwa kukisoma upya, ikaendelea kuonyesha kile cha zamani kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake. Ni kosa lile la printa, limevaa nguo nyingine. Tangu hapo kipimo changu kinapiga hodi kutoka nje, kama mgeni yeyote, na kusoma cheti anachopewa mgeni.

Jioni ya Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Hapa kwetu wengi walidhani bando limeisha. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa njia kuu za mtandao wake, na amri hiyo ikakata mawasiliano ya vituo vyote vya data. Kulikuwa na chombo cha kukagua amri za aina hiyo kabla hazijatekelezwa. Chombo chenyewe kilikuwa na kasoro, kikaipitisha. Kisha seva zao za majina, zilipoona haziwezi kuzungumza na vituo vya data, zikajihesabu kuwa wagonjwa na kuondoa njia zao kwenye intaneti, kama zilivyopangwa kufanya. Nilisoma maelezo yale mara mbili. Kesho yake niliharibu kwa makusudi faili moja kwenye seva ya majaribio, nione kama vipimo vyangu vitalia. Kati ya vipimo kumi na viwili, viwili vilinyamaza.

Mzee alistaafu kitambo, na daftari lake la mwisho lipo kwenye droo yangu, Jumatatu baada ya Jumatatu, tarakimu za betri ambazo zilishauzwa chuma chakavu. Nawe uliyekabidhiwa ufunguo mwaka huu, mdogo wangu, nakuomba hili: seva ikiinuka baada ya kukutesa, usiende kulala kwanza. Andika kipimo ambacho kingekuambia jana, andika na sababu yake, kisha kiharibie kitu uone kama kinalia.