Breki na Amri ya Tano

Pikipiki ninayoitumia katika huduma kati ya Kibaha na Kisarawe niliinunua ikiwa imeshatumika. Wahudumu wengi hupata vyombo vyao kwa njia hiyo: mradi umefungwa, mali zinauzwa, mwenye fedha kidogo anachukua. Kwa mtu anayetembelea mitaa ya vijijini, akiiacha barabara ya Morogoro pale Mlandizi na kuingia ndani kuelekea Mzenga na Maneromango, chombo kama hicho ni baraka. Lakini anayenunua kitu kilichotumika hununua pia mambo asiyoambiwa. Rangi inaonekana, tairi linaonekana, sauti ya injini inasikika. Uzembe wa mtu aliyetangulia hauonekani upesi, na mara nyingi umejificha kwenye breki.

Breki zangu nazihudumia mwenyewe. Aliyenifundisha ni fundi mmoja mzee wa Kibaha. Nilipomwambia kwamba breki inashika vizuri, alinijibu, "Baba Mchungaji, breki haisikilizwi. Hufunguliwa."

Breki ya mbele ya pikipiki hii ni ya diski. Ukiminya mkono wa breki, pistoni ndogo ndani ya masta silinda inasukuma mafuta. Mafuta yanashuka kwenye mpira hadi kwenye kalipa. Huko pistoni nyingine inasukuma pedi, nazo zinabana diski. Kinachozuia mafuta yasivuje ni raba chache ambazo ukiziweka kiganjani huhisi uzito wowote. Raba hizo huzeeka hata kama chombo kimeegeshwa tu. Mafuta nayo huzeeka, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Ukishuka mlima huku umebana breki kwa muda mrefu, mafuta ya namna hiyo huchemka na kutoa mvuke. Mvuke hausukumi pistoni; wenyewe unajibana tu. Mkono wa breki unafika mpaka kwenye usukani na pikipiki inaendelea kwenda. Ukitoka Kisarawe kuteremka kuelekea Pugu, umembeba mwinjilisti nyuma, hapo si mahali pa kuligundua jambo hilo.

Kazi yenyewe haina siri, ila inadai uvumilivu. Unafungua kalipa na kutoa pistoni. Mfereji wa raba unausafisha kwa kijiti, si kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja unatosha kupitisha mafuta. Unaosha kila kitu kwa mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida ni marufuku, kwa kuwa raba hizo zikiguswa navyo huvimba na kuharibika. Unaweka raba mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima. Kisha mnatoa upepo: mwenzako anaminya mkono wa breki na kuushikilia, wewe unalegeza nati ndogo ya kwenye kalipa, povu linatoka, unakaza, ndipo anaachia. Mnarudia mpaka yatoke mafuta matupu, huku mkiongeza mafuta juu yasije yakaisha. Mwisho unajaribu uani, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Anayejihudumia lazima ajue pia pa kuishia. Diski iliyolika chini ya kipimo kilichoandikwa pembeni mwake haitengenezwi. Pistoni iliyoliwa na kutu hailainishwi kwa msasa na kurudishwa. Hapo unatoa fedha na kununua nyingine, au unalaza chombo.

Washarika wameniuliza kwa nini mchungaji anahangaika na spana, na kama siombi kabla ya safari. Naomba. Lakini nimezika vijana wa bodaboda, na katika misiba hiyo husikia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Wanaosema hivyo wanataka kufariji, nami sina haja ya kuwashutumu mbele ya jeneza. Hata hivyo upo msiba mmoja uliobaki nami. Mama wa marehemu aliniuliza Mungu alimtakia nini mwanawe. Nje, vijana wenzake walikuwa wananong'ona kwamba shuu za breki zilikwisha siku nyingi, chuma kinasaga chuma, na kwamba fedha ya shuu mpya ilikuwa inaishia kwenye hesabu ya kila siku ya mwenye pikipiki. Nilimwambia yule mama kwamba Kristo aliyelia kaburini kwa Lazaro analia naye. Sikumwambia kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Nisingeweza kumtwika Mungu deni la shuu za breki.

Tangu hapo naisoma kwa namna nyingine Amri ya Tano, ile inayotukataza kuua. Kila mtoto wa Kipaimara hujifunza maelezo ya Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529: amri hii haiishii kwenye kutomdhuru jirani, bali inatuagiza tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili wake. Katika Katekisimu Kubwa anakwenda mbali zaidi: mtu aliyeweza kumkinga jirani na madhara, asimkinge, naye ameivunja amri. Basi amri hii inamhusu dereva, na inamhusu pia mwenye chombo anayepokea hesabu jioni bila kuuliza hali ya breki. Baadhi ya wenye vyombo hao tunashiriki nao Meza ya Bwana.

Bwana wetu alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu, mjaribu alimletea ahadi ya kweli, kwamba malaika watamlinda. Yesu hakuikana ahadi hiyo. Alikataa kuitumia ili ajirushe. Ahadi ya ulinzi wa Mungu haikutolewa ichukue nafasi ya kazi tuliyopewa mikono ya kuifanya.

Siku hizi somo la Amri ya Tano darasani nalifundisha na kalipa iliyofunguliwa juu ya meza. Vijana wanaishika, wanatafuta kutu, wanapitisha kidole kwenye mfereji wa raba. Wengi wao baada ya shule watakalia pikipiki za watu wengine, na nataka wajue kuangalia kabla ya kupakia abiria, na wawe na ujasiri wa kumwambia tajiri kwamba leo hesabu haitatimia kwa sababu imenunua shuu.

Wazee wa usharika nao nawaomba jambo moja. Mnapopanga bajeti ya mwaka, wekeni fungu la breki za gari linalobeba kwaya, na fedha hiyo isihamishiwe kwenye sare. Asiyeweza kufungua breki mwenyewe amlipe fundi mwaminifu, na asimame pale aone. Kisha tuombe safari njema kwa dhamiri safi.