Ukipanda Lushoto, uliza jenereta linakaa wapi

Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona hadi Soni, kisha Lushoto, na joto la bondeni linabaki nyuma. Sisi tuliendelea hadi pembezoni mwa msitu wa Magamba, kwenye nyumba ya mbao ambayo haijafikiwa na nguzo za umeme. Mchana hukosi kitu: mashamba ya kabichi na karoti, ukungu ukipita mlangoni. Giza likiingia, mlinzi anavuta kamba ya jenereta na watoto wanagombea chaja.

Jioni ile mvua ikaanza. Mlinzi, mtu mwema kabisa, akataka kulisogeza barazani, chini ya dirisha la watoto. "Dada, likilowa litaharibika," akasema. Kweli, na likiachwa mbali linaibwa. Lakini moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kufungua dirisha hakutoshi. Linatakiwa likae nje, angalau mita sita kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likitazama mbali na milango na madirisha. Tukalitengenezea kibanda cha mabati mawili juu ya miti minne, pande zote wazi. Watoto walisubiri gizani, wakinung'unika.

Baridi ya huku inashawishi pia kuingiza jiko la mkaa chumbani. Hewa ni ile ile, na jiko halina hata kelele za kukushtua.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuishiwa nguvu. Mzazi hufikiria malaria. Shtuka kama nyumba nzima inaumwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Hapo toeni kila mtu nje kwanza, kisha nendeni hospitali, hata kama watoto wameanza kuchangamka.

Kitu kingine kilichonitisha: petroli ya akiba ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, sakafuni jikoni. Tuliihamishia kwenye dumu, tukalifungia stoo ya nje. Mtoto akinywa petroli usimtapishe, maana inaweza kuingia kwenye mapafu, mkimbize hospitali.

Saa nne usiku tulilizima, tukalala na taa ndogo ya sola. Kulala jenereta likiunguruma sikubali, hata likiwa mbali.