Tochi na Spana

Mwaka 1996 nilianza kusomea ufundi magari katika chuo kimoja cha mkoani. Darasani tulikuwa 24, mwanamke nikiwa peke yangu. Sheria iliyounda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ilikuwa imepitishwa mwaka 1994, na mambo mengi ya vyuo yalikuwa bado mapya. Baba yangu, dereva wa lori, alininunulia ovaroli. Iliyokuwa ndogo kuliko zote dukani ilinipita mikono, mama akaikunja na kuishona pindo kwa sindano.

Haki isemwe: sikutukanwa. Wenzangu waliniita dada, na stuli ikiwa moja waliniachia mimi. Kilichonirudisha nyuma kilikuwa tochi. Kila tulipoinamia injini, mtu alinikabidhi: "Dada, tumulikie." Leo tochi, kesho tochi. Na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, ripoti za kundi pia nikaandika mimi. Muhula ulipokwisha, nilijua jina na kazi ya kila kifaa, lakini sikuwa nimefungua nati hata moja.

Matokeo yakatoka. Nadharia niliongoza, vitendo nilishika mkia. Mmoja akasema kwa sauti, "Kichwa anacho, mkono hana." Mchana kutwa niliamini kuwa amesema kweli. Usiku ndipo nikajiuliza: huo mkono ungejifunza lini?

Asubuhi nilimfuata mwalimu wa karakana, mzee wa miaka mingi kazini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti."

Nikamwomba aniruhusu kuingia karakana kabla ya vipindi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo saa kumi na mbili na nusu. Na hiyo tochi nitaishika mimi."

Tulianza na injini ya dizeli ya Perkins, silinda nne, iliyofungwa kwenye stendi. Kazi ilikuwa kuseti tapeti. Unazungusha injini taratibu kwa spana ya puli ya mbele, huku ukitazama valvu za silinda namba 4. Zikipishana, moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufunguka, unaseti za namba 1. Unazungusha nusu mzunguko, unahamia namba 3, halafu 4, mwisho 2. Kati ya roka na valvu unapitisha kibati cha geji cha milimita 0.30. Kikipita bure, umelegeza, tapeti zitagonga. Kikigoma, umekaza, valvu haitafunga sawasawa na injini itakosa nguvu. Kinatakiwa kivute kidogo tu, na huo mvuto hausomwi kitabuni. Unausikia kwenye ncha za vidole.

Mara mbili nilikosea. Mara ya tatu tukawasha, mwalimu akainamisha kichwa, akasikiliza. Kugonga kulikuwa kumeisha. Akanipa mkono, wake na wangu yote imejaa oili.

Wiki ile ile darasani nikasikia tena, "Dada, tumulikie." Nikasema, "Leo nimulikieni mimi." Nikachukua spana. Hakuna aliyebisha, na tangu siku hiyo tukapokezana.

Nilipata daraja la tatu la ufundi, nikafanya kazi gereji miaka kadhaa, kisha nikaenda Morogoro kusomea ualimu wa ufundi stadi. Leo mimi ndiye mwalimu wa karakana. Mengi yamebadilika. Ovaroli zinapatikana kwa saizi zote, wasichana wana chumba chao cha kubadilishia nguo, na katika mfumo wa umahiri kila mwanafunzi hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa na wasichana saba.

Hata hivyo, wiki ya kwanza tu nilikuta tochi tatu zinawaka, na zote zimeshikwa na wasichana. Vijana hawakuwa na ubaya, kama wenzangu wa zamani wasivyokuwa nao. Ni mazoea, na mazoea hayaondoki yenyewe. Sasa karakana yangu ina kanuni: tochi inaning'inizwa kwenye boneti, na kila mwanafunzi anafungua na kufunga kwa zamu iliyoandikwa ubaoni.

Walimu wenzangu, idadi ya wasichana kwenye daftari la mahudhurio inafurahisha, nami naifurahia. Lakini ukishamaliza kuita majina, ingia karakana, utazame ni nani ameshika spana.